Laptop ya Nyandeng, na Zile Nyingine

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa karakana ya kompyuta pale chuoni Lodwar, nikatia sahihi nilipoonyeshwa, nikapewa soda na kipande cha keki. Hotuba zilikuwa mbili na zote zilihusu vyeo. Sitazirudia hapa. Nyinyi vijana mliobaki pale mliniomba niwaachie kitu cha kuwasaidia, na kwa kuwa bisibisi zangu nzuri nimekwenda nazo nyumbani, nawaachia maneno.

Nilipoanza kazi, chuo kilikuwa na kompyuta chache, kila moja imefunikwa leso kama mzazi aliyetoka hospitali. Mkuu wa karakana alikuwa Bwana Wafula, mtu wa Bungoma aliyeletwa Turkana kwa muda mfupi na akakaa mpaka akastaafu. Siku ya kwanza alinipa brashi ya kupaka rangi, ile laini, akaniambia nisafishe kibodi zote. Nilikuwa nimetoka Eldoret na cheti changu ndani ya plastiki, nikadhani ananipima unyenyekevu. Hakuwa ananipima chochote. Vumbi la Lodwar linaingia popote panapoingia hewa, na nusu ya mashine zilizoletwa kwetu zikiwa zimekufa zilifufuliwa na brashi ile ile.

Kisa changu cha kwanza kigumu kilikuwa kompyuta ya mhasibu iliyokuwa ikizima kila inapopata joto. Niliikagua kwa mita, nikabadilisha waya, nikabadilisha feni. Bwana Wafula akaniuliza kama nimezungumza na mhasibu. Nikasema sijaona haja. Akaniambia niende. Mhasibu akanieleza kwamba kabla ya kuzima, mashine hutoa sauti ya kukwaruza. Tulifungua kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta tukamkuta nge, mzima wa afya, amejipatia nyumba yenye joto. Tangu siku hiyo nilimsikiliza mwenye mashine kwanza, halafu mashine, na sikuingiza tena kidole mahali nisipopaona.

Somo lingine la Bwana Wafula ni la saa. Alisema mashine ya huku ijaribiwe saa nane mchana, mabati yakiwa yanalia kwa joto. Ukijaribu asubuhi, kila kitu ni kizima. Hata mimi asubuhi ni mzima.

Miaka ikaenda, kompyuta kubwa zikapungua, zikaja hizi za kukunja. Kamusi inaziita vipakatalishi. Sijawahi kumsikia mtu akija karakana na neno hilo, kwa hiyo nitasema laptop. Nyingi zilizofika Lodwar zilikuwa ex-UK, yaani zimetumika ng'ambo, zikachoka, zikafanyiwa ukarabati Nairobi na kuuzwa tena. Sizidharau. Nyumbani ninayo moja iliyonifaa kuliko mpya. Lakini ukarabati una watu wake: kuna anayebadilisha kilichokufa, na kuna anayepangusa skrini.

Katika miaka yangu ya mwisho chuo kilifungua darasa la masafa kwa walimu walio kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nami nikapewa kazi ya kwenda huko na gari la chuo kuangalia mashine za wanafunzi. Huko ndiko nilikokutana na Nyandeng, na kisa chake ndicho kilichonikalisha niandike.

Nyandeng ni mwanamke wa Sudan Kusini. Aliingia Kakuma akiwa mtoto, akasomea humo, akaolewa humo, na sasa alikuwa akifundisha darasa la tatu katika shule ya kambini, darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Alikuwa anamalizia diploma ya ualimu. Ulibaki mtihani mmoja wa mwisho, wa kufanyiwa mtandaoni, na mtihani huo ulitaka kamera imwone mtahiniwa uso tangu mwanzo hadi mwisho. Kompyuta za kituo chetu pale hazikuwa na kamera. Akanunua laptop ex-UK kutoka duka moja la Lodwar: akaiona kwenye simu, akatuma pesa kwa simu, na mzigo ukamfikia kwa gari la abiria ukiwa umefungwa vizuri kwa karatasi.

Alipoileta kituoni aliishika kwa mikono miwili, akaiweka mbele yangu, na kabla sijamsalimu akasema, "Mama, mimi sijaiangusha."

Katika kazi hii mtazoea. Mwenye kifaa kibovu huanza kwa kujitetea, hata kama kosa limemfuata kutoka dukani. Nilimwambia akae, nikamwomba anieleze tangu mwanzo. Akasema mwanzoni ilikuwa nzuri. Baadaye ikawa ikichomolewa kwenye umeme inazima papo hapo, halafu kile kibao cha chini cha kusogeza mshale kikakataa kubonyea, na sasa kifuniko hakifungi sawasawa. Mume wake alimwambia labda watoto wameikalia. Watoto wamekana.

Nikaiweka mezani, nikaigusa pembe kwa kidole. Ikayumba. Laptop nzima hulala chini kama sahani. Hii ilicheza kama yai. Nilimwomba Nyandeng asogee kidogo, nikalegeza skrubu za chini, nikainua mfuniko taratibu. Betri ilikuwa imevimba kama mandazi, imesukuma kibao juu na mfuniko chini. Juu yake ilibandikwa lebo mpya inayong'aa. Pembe ya lebo ilikuwa imejikunja, na chini yake niliona lebo ya zamani, imefifia. Mtu fulani alikuwa ameibadilishia betri kuukuu jina tu.

Hapa nawaomba msome polepole. Betri iliyovimba haitobolewi, haikandamizwi, haichajiwi tena hata kwa dakika ya kuonyesha. Usiitoe kwa bisibisi. Tumia kipande cha plastiki laini, nyanyua kutoka pembeni, ikikataa iache. Ile ya Nyandeng ilikubali. Tuliiweka ndani ya debe, tukaifukia kwa mchanga wa laga, ule mto mkavu, debe likakaa nje mbali na nyumba. Sikuisafirisha. Niliipiga picha, ikatosha.

Nyandeng alinitazama nikimaliza yote hayo, kisha akauliza kama itapona kabla ya mtihani. Mtihani ulikuwa wiki iliyofuata. Asipoufanya, angesubiri mwaka mzima, na waliomfadhili walikuwa wameshasema hakuna mwaka mwingine. Nilimwambia mashine yenyewe haina ubaya, inaweza kuwaka kwa waya peke yake, lakini umeme wa pale ukikatika katikati ya mtihani, na mtihani utakatika. Angehitaji betri nzuri au mashine nyingine. Akasema angeenda mwenyewe Lodwar kumwona muuzaji, ila kibali cha kutoka kambini hakipatikani kwa haraka hiyo. Alishampigia. Muuzaji alimjibu mara ya kwanza, baadaye akaacha kushika simu.

Nikamwambia anipe laptop. Hakukuwa na mahali popote kwenye kazi yangu palipoandikwa kwamba nizungumze na wauza duka, na sikuuliza mtu.

Muuzaji aliitwa Lopeyok. Duka lake lilikuwa karibu na soko, la simu, tochi za sola, chaja, na laptop zilizopangwa wima kama vitabu. Nilimfahamu kwa sura. Ukikaa Lodwar muda wote huo unamfahamu kila mtu kwa sura. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Madam," nikamwitikia, tukaulizana hali za nyumbani na mvua. Nilipoweka laptop ya Nyandeng kwenye kaunta uso wake ukabadilika.

"Hii kitu ilitoka hapa ikiwaka," akasema.

Nikakubali kwamba ilitoka ikiwaka.

"Basi. Kompyuta ni kama mbuzi, Madam. Ukishafunga kamba ukaenda na yeye, akifia njiani ni wako."

Nilimwambia mbuzi akiwa mgonjwa tangu zizini, wazee humrudisha, na yeye anajua hivyo kuliko mimi. Akasema hakujua kama ni mgonjwa. Nilimwamini. Yeye alinunua shehena Nairobi, kwa mtu aliyemwonyesha mashine zikiwaka, zikiwa zimepanguswa, kila moja na lebo mpya. Hakuwa mwizi. Alikuwa mfanyabiashara aliyeogopa hasara, na mtu wa namna hiyo ukimtukana unampa sababu ya kukufukuza.

Kwa hiyo sikumtukana. Nilimwonyesha picha ya betri kwenye simu yangu, nikamweleza inachoweza kufanya ikichajiwa kwenye joto letu hili. Aliitazama kwa muda mrefu. Nikamuuliza zile nyingine za shehena ile ziko wapi.

Alianza kuzitaja kwa vidole. Moja ilikwenda kwa mama muuza samaki wa Kalokol, kule upande wa Ghuba ya Ferguson. Moja kwa katekista wa Kaaleng. Moja kwa mwenye duka wa Kapedo. Kisha kidole cha nne kikasimama hewani.

"Nyingine nilipelekea Asekon," akasema. Asekon ni binti yake, alikuwa kidato cha tatu na shule zilikuwa zimefungwa. "Iko nyumbani. Inachaji tangu asubuhi."

Ilikuwa saa nane mchana.

Hakufunga duka. Alimpigia kelele jirani aliangalie, tukatoka. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Napetet, na pikipiki ya kwanza tuliyoiona ilitubeba wote wawili, mimi na umri wangu na yeye na tumbo lake, sijui vipi. Njiani alimpigia binti simu. Simu iliita, haikushikwa. Akapiga tena. Nilikuwa nyuma yake na niliusikia moyo wake mgongoni, au labda ulikuwa wangu.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Asekon alikuwa amelala kitandani kwa joto la mchana, kama watu wote wa Lodwar wenye akili saa hiyo, na simu yake chini ya mto. Laptop ilikuwa kando yake juu ya godoro, waya ukutani, kifuniko kimenyanyuka upande mmoja. Nilichomoa waya. Lopeyok alimwinua binti yake mzimamzima kama mtoto mdogo akamtoa nje, naye akiuliza kuna nini, baba, kuna nini.

Niliomba karai. Mke wa Lopeyok, aliyekuwa jikoni nyuma ya nyumba na hakujua lolote, akanipa la kufulia. Nilitumia taulo, nikaibeba ile laptop ikiwa bapa bila kuinamisha, nikaiweka kwenye karai, karai nikalipeleka katikati ya uwanja, nikamimina mchanga.

Haikulipuka. Nasema wazi kwa sababu kisa hiki kimesimuliwa mjini na kila anayesimulia anaongeza moto. Haikulipuka wala haikutoa moshi. Ilikaa tu kwenye karai, imetuna; joto lake nilikuwa nimelisikia kupitia taulo nilipoibeba. Lakini tuliporudi ndani tuliona pale ilipokuwa. Shuka lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na chini ya shuka sponji ya godoro ilikuwa imeanza kunywea, alama ya pembe mbili, safi kama iliyochorwa kwa rula.

Mke wa Lopeyok aliigusa ile alama kwa vidole, akaketi kitandani. Baadaye alikwenda nje akamshika binti yake kichwa, akamnusa nywele, akamwambia akale.

Lopeyok alikaa kizingitini. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anatafuta namba kwenye simu. Akaanza na Kalokol. Sikumwambia apige, na sikumwambia aseme nini. Alimwambia yule mama aiondoe kwenye umeme sasa hivi, aitoe nje ya nyumba, aiweke kwenye mchanga, na kwamba hasara ni yake yeye Lopeyok. Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya soko. Mama wa Kalokol akajibu kwamba yake haijachajiwa tangu watoto wamalize filamu zao, iko stoo juu ya magunia ya samaki. Akaitoa. Wa Kapedo alishika simu mara ya pili, akabishana kidogo, kisha akaenda kuiangalia na kurudi kwenye simu bila ubishi.

Wa Kaaleng hakupatikana. Mtandao wa kule huja unapopenda. Lopeyok alikwenda stendi, akamtafuta dereva anayeelekea kaskazini, akampa ujumbe wa mdomo na kumfanya aurudie mpaka akaridhika. Kisha tukangoja. Nawaambia kweli, hizo zilikuwa siku mbaya. Nilikuwa nalala nikimfikiria katekista nisiyemjua, na nyumba yake ya makuti, na betri. Lopeyok alikuwa akinipigia asubuhi na jioni kuniambia kwamba hajasikia kitu.

Hatimaye simu ikaja. Katekista alikuwa ameifunga laptop ndani ya sanduku la mabati tangu zamani, bila kuichaji. Kifuniko kilipoanza kukataa kufunga alidhani ameiharibu mwenyewe, akaona aibu kusema. Lopeyok alinisimulia hayo akicheka, na katikati ya kucheka akasema, "Asante Mungu kwa aibu ya huyo mzee." Nilicheka mimi pia mpaka nikatafuta kitambaa cha kujifuta macho.

Ikabaki ya Nyandeng, na mtihani ulikuwa umefika karibu. Mtu wa Nairobi, alipopigiwa, alisema atatuma betri nzuri, na kwa sauti yake tulijua hatatuma, au zitafika mtihani umepita. Lopeyok akageuka, akachomoa laptop yake mwenyewe pale kaunta, ile aliyokuwa akiitumia kuweka nyimbo kwenye simu za watu na kuchapa barua zao. Ilikuwa na mikwaruzo na herufi mbili zimefutika.

"Hii si ya kupendeza," akasema, "lakini hii naijua."

Niliipeleka karakana, nikaifungua. Betri yake ilikuwa bapa, lebo moja tu. Niliiacha ikifanya kazi bila waya kuanzia adhuhuri hadi jua lilipopoa, nikiangalia kamera, nikiangalia joto, nikiitembeza chumbani kama mgonjwa anayefundishwa kutembea. Ilistahimili. Nikamwambia Lopeyok iko tayari, nitaipeleka. Akasema hapana, ataipeleka mwenyewe, na kama kuna nafasi kwenye gari la chuo atashukuru.

Tulimkuta Nyandeng amevaa gauni la kanisani. Lopeyok alimpa laptop mkononi, akamweleza zile herufi mbili zilizofutika ziko wapi. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alilifanyia mazoezi njia nzima, maana alilisema haraka: "Dada, simu yako niliacha kushika. Haikuwa vizuri." Nyandeng akamwangalia, akasema, "Sasa umekuja." Wakaliacha hapo.

Mtihani ulifanyiwa chumba kidogo cha kituo, mlango umefungwa, yeye peke yake na feni, mtandao ukitoka kwenye simu yake. Sisi tulikaa nje kwenye benchi, chini ya kivuli cha mabati. Jenereta la duka la jirani lililokuwa likitulisha umeme lilikuwa linanguruma. Lopeyok, mtu wa maneno mengi, alitazama viatu vyake.

Katikati ya mtihani jenereta likakohoa, likanyamaza.

Hakuna kimya kama kile. Tulisikia mbuzi. Tulisikia mtoto akisoma alfabeti mahali fulani. Lopeyok alinigeukia, nami nikamwashiria kwa mkono akae. Nilikuwa nimeijaribu mashine ile kwa kila njia ninayoijua, na bado nilijikuta nakariri Zaburi. Tulikaa hivyo mwenye jenereta akiondoka kutafuta mafuta, akirudi, akilivuta kamba, akilitukana, akilivuta tena. Lilipowaka, hakuna aliyepumua kwa sababu bado hatukujua lolote la ndani.

Mlango ulifunguliwa muda mrefu baadaye. Nyandeng alitoka na gauni limelowa jasho mgongoni, akafunga mlango nyuma yake kwa uangalifu, kama watu wamelala ndani.

"Nimemaliza," akasema. "Nimejibu yote." Kisha akajipepea kwa kiganja. "Feni ilikufa, nikasikia joto sana. Ni umeme ulikatika?"

Nilimtazama Lopeyok. Aliondoa kofia akajifuta uso mzima nayo.

"Kidogo tu," akamjibu. Akasimama, akajinyoosha mgongo mpaka ukalia, akauliza kama hapa kambini kuna mahali mtu anaweza kupata chai.